Baruti Iliyogoma Kasense

Mume wangu alijifunzia kazi ya kulipua mawe serikalini. Enzi hizo idara ya barabara ilikuwa na machimbo yake, magari yake, na stoo ya baruti yenye mlango wa chuma na mlinzi asiyecheka na mtu. Alianza kwa kubeba maji ya mashine, akapanda hadi kushika mashine yenyewe ya kutoboa mwamba, mwishowe wakampeleka kozi akarudi na ruhusa ya kushika baruti. Nilipoolewa naye nikitokea Msanzi, ndugu zangu walisema nimepata mwanaume mwenye kazi ya kiume. Mimi nilichokiona ni kwamba anarudi nyumbani Malangali jioni na vumbi kwenye nyusi, kichwa kinamgonga kwa ile harufu ya baruti, na akiniita jikoni anapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Masikio yake yalikuwa yameanza kuziba.

Kisha wakapunguza wafanyakazi. Waliitwa wote uwanjani, wakaambiwa serikali imechoka kufanya kila kitu, sasa watu binafsi watafanya. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo tuliyazoea na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yakajaa sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia, betri za redio na mafungu ya mitumba hadi barazani. Ukipita sokoni unaona kila kitu unachokitamani. Tulichokosa ni mshahara. Machimbo ya serikali yakafungwa, mashine zikachukuliwa, na mume wangu akakaa kwenye kigoda uani akitazama mikono yake.

Alijaribu kulima. Alijaribu kuuza chumvi kwa kibaba, lakini hakuwa mtu wa biashara; jirani akija na shida anampa, na jirani wote walikuwa na shida. Baadaye akaanza kwenda kwenye pombe ya kimpumu mapema, jua likiwa bado kali, na kurudi akiwa kimya. Hakunipiga wala hakutukana. Ule ukimya ndio ulionitisha.

Mimi nikaenda Kasense kuponda kokoto. Mji ulikuwa unajengwa. Wafanyabiashara waliotoka Mbeya, na baadhi ya watumishi wa ofisini, walikuwa wakisimamisha nyumba za tofali na bati, na kila nyumba ilihitaji kokoto za zege. Tulikuwa kundi la wanawake. Unakaa chini na miguu umeinyoosha, unaweka jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi ili vipande visiruke, unagonga. Nyundo moja, pete moja, na kitambaa cha kufunika macho kidogo unapogonga. Viganja vyangu viliota sugu ngumu kama kwato. Watoto walikula kwa nyundo ile.

Ndipo akatokea mkandarasi mmoja, tajiri wa kutoka nje ya mkoa, akapata kazi ya kutengeneza barabara. Akakodi kilima chetu cha Kasense. Sisi wanawake tulidhani tunafukuzwa, lakini msimamizi wake, kijana mmoja wa Mbeya aliyevaa sweta la bluu siku zote kwa sababu ya baridi yetu, akatuambia tubaki pembeni. Mawe madogo atakayoyaacha mjapani wake, ndivyo alivyoliita lori lake, tutayachukua sisi. Kisha akauliza kama kuna mtu mjini anayejua baruti.

Sikungoja mtu mwingine ajibu. "Mume wangu," nikasema.

Siku alipoanza kazi alinyoa ndevu. Alitoka nyumbani na filimbi shingoni na kitambaa chekundu alichokishona mwenyewe kwa mkono kuwa bendera. Kimpumu akaacha bila kuambiwa. Jioni alikaa na watoto akiwaeleza jinsi mwamba unavyosomwa, wapi una mshipa, wapi utapasuka wenyewe ukiuheshimu. Nilimsikiliza nikiwa jikoni, nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Lakini kazi hii haikuwa kama ile ya serikalini. Kule kulikuwa na mtu wa kutoboa, mtu wa stoo, mtu wa kufukuza watu, na mkaguzi juu yao. Huku alikuwa yeye peke yake na vibarua ambao juzi tu walikuwa wakilima ulezi. Baruti zililetwa kwenye gari dogo chini ya turubai, pamoja na saruji na magunia ya mahindi. Tambi za kuwashia zilikaa chumba kinachovuja.

"Zimenyonya unyevu," aliniambia jioni moja, akisugua kipande cha utambi kati ya vidole. "Huu moto unaweza kutembea vizuri, unaweza ukalala njiani."

"Si uwaambie?"

"Nilishawaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema sawa." Akautupa ule utambi. "Nikisema tena watasema sawa. Nikisema mara nyingine wataleta mtu mwingine."

Nilinyamaza. Unga ndani ulikuwa wa kukung'uta gunia. Na yeye alijua kwa nini nimenyamaza.

Asubuhi hiyo ilikuwa katikati ya mvua. Ufipa wakati huo ukungu hulala chini hadi jua liwe juu, na usipokuwa mwangalifu unagongana na ng'ombe kabla hujamuona. Walikuwa wametoboa mwamba tangu jana yake, wakajaza baruti alfajiri. Sisi wanawake tukapelekwa nyuma ya kilima pamoja na vibarua, karibu na lori. Filimbi ikalia. Tukamwona mume wangu akitoka kwenye ukungu, anatembea haraka lakini hakimbii. Hakuwahi kukimbia, alisema anayekimbia ndiye anayejikwaa.

Ikalia baruti ya kwanza, ardhi ikatikisika chini ya makalio yetu. Zikafuata nyingine moja baada ya nyingine. Mume wangu alikuwa amesimama akiwa ameinamisha kichwa, anazihesabu kwa vidole, anasikiliza kwa miguu zaidi kuliko kwa masikio. Kisha pakawa kimya. Kidole kimoja kilibaki hakijakunjwa.

"Imegoma moja," akasema.

Tukakaa. Mvua ya rasharasha ikaanza. Lori lilikuwa limekuja tupu na dereva alikuwa akipiga honi ndogo za kukumbusha. Niseme ukweli, yule kijana msimamizi hakumharakisha. Alisema, "Mzee, tungoje hata mpaka mchana, hakuna shida." Lakini vibarua walianza kunung'unika, ilijulikana kwamba siku isiyotoka lori hakuna malipo, na mvua ile ikikaza hakuna lori litakalopanda kilima. Walikuwa wamelowa, baadhi hawajala. Mume wangu aliwasikia, hata kwa masikio yale.

Tulikaa muda mrefu. Kisha akasimama, akakung'uta suruali.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuangalia tu. Sishiki kitu."

"Msimamizi amesema mchana."

"Naangalia tu, Mama. Nikiona moshi narudi."

Akaingia kwenye ukungu na kitambaa chake chekundu mkononi. Sikusikia mlipuko. Nilisikia kitu kama gunia la viazi linaporomoka, kubwa, likifuatiwa na mawe madogo yakitiririka, halafu sauti yake. Mpaka leo sauti ile siwezi kuifananisha. Ilitoka mara moja ikakatika, kisha ikaanza tena chini zaidi.

Watu wakasimama wote. Wakafika penye bendera ya mpaka, iliyochomekwa kuzuia watu, wakasimama. Huko mbele kulikuwa na baruti ambayo haijalipuka. Kila mmoja alilijua hilo. Nikasikia injini ya lori, nikageuka, nikamwona yule kijana wa sweta la bluu akirukia kwenye gari pembeni ya dereva, na lori likashuka kilima likiserereka matopeni. Nikasema moyoni: amekimbia. Amekimbia na gari.

Mimi nilipita bendera. Nisisifiwe kwa hilo, sikuwaza. Miguu ilishakwenda.

Nilimkuta chini ya ukuta wa mwamba. Jiwe lilikuwa limechomoka juu, kubwa kama mkokoteni uliojaa, limekaa juu ya mguu wake wa kulia kuanzia chini ya goti. Alikuwa amelala chali. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu na mvua ilikuwa ikimwingia mdomoni. Nilivua kitenge cha mgongoni nikamwekea chini ya kichwa.

"Rudi," akasema.

"Sirudi."

"Baruti iko hapo juu yangu. Rudi kwa watoto."

"Sirudi, nimesema."

Akafumba macho. Alipoyafumbua akaniuliza swali ambalo nimeliota miaka mingi. "Tazama juu, kwenye lile tundu lenye alama ya chokaa. Kuna moshi?"

Nikatazama. Kulikuwa na weupe ukitembea polepole juu ya mwamba, unaingia kwenye nyufa na kutoka. Ulikuwa ukungu. Au ulikuwa moshi wa utambi unaoteketea taratibu kwa ndani. Nilikaza macho hadi yakauma. Weupe ni weupe. Nilivuta pumzi nitafute harufu, nikasikia harufu ya baruti za zile zilizolipuka, imejaa kila mahali, imeingia hadi kwenye nguo zangu.

"Kuna moshi?" akauliza tena, kwa ukali.

"Hakuna," nikasema. Sikujua. Nilisema hakuna kwa sababu neno lingine halikuwa na msaada wowote.

Baada yangu alikuja jirani yangu mmoja, mjane tuliyekuwa tukikaa naye ubavu kwa ubavu kwenye kokoto, kisha vibarua wachache na mitalimbo yao. Mmoja alibeba nyundo kubwa, akainyanyua avunje jiwe vipande. Mume wangu akapiga kelele.

"Usigonge! Hakuna kugonga! Mtetemo utapanda juu!"

Yule kibarua akabaki na nyundo hewani. Tukatazamana. Sisi wote pale tulikuwa watu wa nyundo. Tulikuwa tumekula kwa nyundo, tumesomesha kwa nyundo, na hatukujua njia nyingine ya kushindana na jiwe. Tukaziweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Wakajaribu mitalimbo. Wakaichomeka chini ya jiwe, wakaning'inia wote. Jiwe likanyanyuka kidogo, nikamshika mabega nimvute, kisha mtalimbo mmoja ukateleza kwenye tope na jiwe likarudi. Mume wangu alitukana kwa Kifipa, matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, kisha akaanza kumwita mama yake aliyefariki zamani. Wale wanaume wakaachia mitalimbo. Mmoja alitapika. Wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja hadi kwenye bendera, na sikuwalaumu. Akabaki yule mjane na mimi.

Mvua ikakaza. Hapo ndipo nilipoona maji. Sakafu ya machimbo ilikuwa na mteremko, na mteremko ule uliishia pale alipolala. Maji ya tope yalikuwa yakija kutoka pande zote, yakakusanyika chini ya mgongo wake, yakapanda hadi mbavuni. Kitenge changu kikaanza kuelea pembeni ya masikio yake. Nikachukua karai la kubebea kokoto nikaanza kuteka na kumwaga. Mjane akachukua debe. Tukateka. Tukimwaga mbali kidogo yanarudi, ikabidi tuyabebe hadi ng'ambo ya lundo la mawe, tukimbie, tuteke tena. Nililia nikiteka. Niliomba nikiteka. Nilimwambia Mungu mambo ambayo mtu hapaswi kumwambia.

"Acheni," mume wangu akasema. "Mnajichosha."

"Nyamaza," nikamwambia. "Inua kichwa chako na unyamaze."

Sijui tulifanya hivyo kwa muda gani. Nilikuwa nimeacha kutazama juu kwenye alama ya chokaa. Kama ingelipuka ingelipuka. Nilichoona ni maji tu.

Kisha kwenye ukungu nikasikia kengele ya ng'ombe.

Chini ya kilima kile waliishi Wasukuma, familia iliyohamia kutoka kaskazini na mifugo yao. Hatukuwa marafiki nao. Wenyeji walilalamika kwamba ng'ombe wao wanakula mashamba, na wao walilalamika kwamba mawe ya machimbo yanarukia malisho. Mume wangu mwenyewe alishawahi kugombana na mzee wao, akimfukuza kwa filimbi na bendera kila siku ya kulipua, wakirushiana maneno ambayo kila mmoja aliyaelewa nusu. Sasa mzee yule alikuwa akija kwenye mvua, amejifunika blanketi, anaswaga maksai wawili wa jembe waliofungwa nira, na mnyororo wa plau unaburuzika nyuma. Mkewe alikuwa ameona watu wamesimama kwenye mvua wanatazama upande mmoja, akaja kuuliza, akarudi mbio kumwambia mumewe.

Wale kwenye bendera walimwambia kuna baruti. Nilisikia. Yeye hakusimama.

Akafika, akamtazama mume wangu, akalitazama jiwe, akazunguka upande wa pili. Hakutoa pole wala salamu. "Tutavuta huku," akasema, akionyesha upande wa mteremko. "Siyo juu. Huku. Ninyi mtamshika."

"Asitumie fimbo," mume wangu akasema kwa sauti iliyokuwa imeisha. "Ng'ombe wasiruke ruke."

"Hawa hawaruki," mzee akajibu. "Hawa ni watu wazima."

Alikuwa anapitisha mnyororo nyuma ya jiwe tuliposikia lori. Yule kijana msimamizi alirudi. Alikuja akikimbia kwenye tope bila viatu, amebeba jeki ya gari begani, sweta lake limekuwa jeusi kwa maji. Alikuwa amekwenda hadi mjini, hospitali wakamwambia gari la wagonjwa ni bovu, akaenda kwa tajiri hakumkuta, akachukua jeki kwenye gereji ya mtu na kugeuza. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto. Nilikuwa nimemhukumu bure.

Jeki tuliikalisha juu ya ubao wa lori ili isizame. Msimamizi alilala kifudifudi kwenye yale maji, akaanza kuipandisha taratibu. Mzee akasimama mbele ya maksai wake, uso kwa uso nao, akaanza kuzungumza nao kwa Kisukuma, sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza habari za safari. Wakaegemea nira. Mnyororo ukakaza, matone ya maji yakaruka kutoka kwenye pingili zake. Jiwe likalia. Nasema likalia, kwa maana lilitoa sauti ya kusaga meno.

"Sasa!" akasema msimamizi.

Mimi na mjane tukavuta. Hakuja. Tukavuta tena, msimamizi akaacha jeki akaingiza mikono yake miwili chini ya jiwe lile, akaushika mguu, akausukuma. Mume wangu akatoka mikononi mwetu kama mtoto anayezaliwa, tukaanguka wote matopeni. Mguu niliuona. Sitauelezea.

Tulimbeba juu ya turubai, tukapita bendera, tukamlaza kwenye lori. Mzee alibaki nyuma akifungua mnyororo wake bila haraka, chini ya ule mwamba na kile kilichokuwa ndani yake.

Hospitali walinipa karatasi ya vitu vya kununua. Ulikuwa wakati wa kuchangia huduma, na wodi haikuwa na glovu, wala nyuzi za kushonea, wala maji ya kutundika. Daktari aliniambia mguu hauwezi kupona, lazima uondolewe kabla ya kuoza kupanda juu, na hawezi kuanza bila vile vitu. Nikatoka mbio, tope limenikaukia hadi kwenye nywele, nikaingia duka la dawa la mtu binafsi lililokuwa limefunguliwa jirani. Vitu vyote vilikuwepo. Vilipangwa vizuri nyuma ya kioo, vinamulikwa na taa. Nilisimama pale nikivitazama. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, aliniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia wa yule aliyeangukiwa na jiwe Kasense. Akavitia kwenye mfuko. Nikavua pete ya ndoa nikaiweka kaunta. Aliisukuma irudi kwangu, nami nikaisukuma tena, kisha nikaondoka mbio kabla hajanirudishia.

Wakamkata.

Tajiri alikuja mara moja wodini, na machungwa na sukari. Alikuwa mpole. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema anasikitika, lakini mume wangu alikuwa kibarua wa kutwa, hakuna mkataba, na hakuna aliyemtuma kwenda kuangalia baruti iliyogoma. Mume wangu alimjibu, "Ni kweli, bosi." Nilitaka kumpiga kofi mume wangu. Siku hiyohiyo mtu mwingine aliletwa kutoka Mbeya akailipua ile iliyobaki. Vioo vya wodi vilitikisika, wagonjwa wakashtuka wakiuliza ni radi au nini. Mume wangu aligeukia ukutani.

Nyumbani ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Hospitali kuna watu, kuna kengele ya misheni ya jirani, kuna wa kukusalimia. Nyumbani alikuwa yeye, kitanda na dari. Hakutaka kuoga. Chakula alikipokea akakiweka chini. Alikuwa akikwaruza pale ambapo mguu haupo, akisema unawasha. Jioni moja aliniambia bila kunitazama, "Chukua watoto urudi Msanzi kwenu. Wewe bado una nguvu, utalima. Mimi niache hapa."

"Nikuache ule nini?"

"Ndicho ninachosema."

Nilielewa. Kulikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe tuliyoachiwa na shemeji yangu. Niliichukua, nikaitupa chooni, chupa nikaizika. Tangu hapo nikitoka nilimwacha binti yetu mkubwa nyumbani na baba yake, akakosa shule, na nililiona hilo nikanyamaza kwa sababu sikuwa na njia mbili.

Na nilirudi Kasense. Mahali pengine pa kwenda hapakuwepo. Lile jiwe lilikuwa limebaki palepale tulipoliburuzia. Lori halikulichukua, vibarua walikuwa wakilipita kwa mbali. Wanawake wenzangu nao wakalipita. Mawe mengine yalikuwa yakigombewa, tangu asubuhi watu wanasukumana, na mimi kwa kuchelewa kila siku nikimuuguza mgonjwa nilikuta vumbi tu. Siku ya tatu ya kurudi mikono mitupu nilisimama mbele ya lile jiwe. Lilikuwa jiwe zuri, gumu, la rangi ya bluu kwa ndani, aina ile ambayo wajenzi huitaka. Upande mmoja lilikuwa na doa ambalo mvua haikuliosha.

Nikachukua nyundo kubwa. Sasa hapakuwa na baruti ya kuogopa. Nilipiga nikiwa nimefumba macho, kisha nikafumbua. Nilipiga hadi kiganja kikapasuka. Yule mjane alikuja, akakaa chini upande wa pili na pete yake ya mpira, akaanza kuponda vipande nilivyokuwa nikivimegua. Lilituchukua siku kadhaa kulimaliza. Likachukuliwa na gari moja likaenda kuwa sakafu ya nyumba fulani mjini, na sisi tukala maharage na ugali. Mume wangu aliuliza nimepata wapi mawe. Nikamwambia. Akaweka kijiko chini, kisha akakichukua tena akala. Ilikuwa mara ya kwanza kumaliza sahani.

Mambo hayakugeuka mema baada ya hapo. Yalisogea tu. Yule kijana msimamizi, kabla mkandarasi hajahamishia kazi zake kwingine, alituletea kipande cha reli cha kufulia vyuma na mtungi wa mafuta uliokatwa, akamfundisha fundi mmoja kutengeneza tanuru dogo uani kwetu. Mume wangu akaanza kunoa tindo na mitalimbo ya watu wa machimbo, ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umekunjwa. Siku nyingine walikuja watu, siku nyingine hawakuja. Binti yetu hakurudi shule. Aliolewa mapema, na jambo hilo sijalisahau wala yeye hajalisahau.

Nakumbuka kipupwe cha kwanza baada ya ajali, upepo ule unaokausha midomo. Nilikuwa nimeanika maharage kwenye mkeka uani, akiba yetu yote, nikaingia ndani kidogo. Mbuzi wa jirani akaingia. Nilisikia mume wangu akipiga kelele, nikatoka, nikamkuta ameinuka kumfukuza. Alikuwa amesahau. Aliinuka kama mtu mwenye miguu miwili, akapiga hatua, akaanguka kifudifudi katikati ya mkeka, maharage yakatawanyika hadi ukutani. Mbuzi akaruka pembeni, akasimama akitafuna na kumtazama.

Nilikimbia nikapiga magoti nimwinue. Mabega yake yalikuwa yakitikisika na nilidhani analia. Nikamgeuza. Alikuwa anacheka. Alikuwa na harage limemganda kwenye shavu na anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anaonyesha mbuzi kwa kidole asiweze kusema neno. Nami nikacheka. Tukacheka hadi tukachoka, kisha kicheko kikawa kitu kingine, na tukakaa palepale kwenye mkeka tumeshikana, tukilia kwa sauti mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya uzio.

Halafu akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Lete ungo, Mama," akasema. "Tuyaokote kabla hajarudi."